Chapa ya kwanza au chapa ya saba? Namna ya kuchunguza riwaya za watoto zinazotafutwa na wakusanyaji

Kitabu kilichoandikwa ndani "First published in 1997" kinaweza kuwa kimetoka kiwandani mwaka 2012. Maneno hayo yanakuambia riwaya ilianza kuuzwa lini. Nakala uliyoshika mkononi ilichapwa lini, hilo ni swali jingine, na hapo ndipo watu wanapotoa pesa nyingi kwa kitabu cha kawaida, au wanapouza cha thamani kwa bei ya maandazi.

Tutenganishe maneno mawili kwanza. Toleo ni matini jinsi yalivyopangwa kwa ajili ya kuchapwa. Chapa ni kila safari mashine inapowashwa kutoa nakala za toleo hilo. Vitabu vingi vya Kiswahili huliweka jambo hili wazi kwenye kurasa za mwanzo: toleo la kwanza mwaka fulani, chapa ya pili mwaka fulani. Kiingereza cha wauza vitabu huchanganya, kwani mkusanyaji akisema toleo la kwanza anamaanisha chapa ya kwanza ya toleo la kwanza. Chapa ya saba ya toleo hilohilo ni kitabu kizuri cha kumsomea mtoto, basi.

Kanuni inayookoa muda kuliko zote: usitafute sababu za kukikubali kitabu, tafuta sababu ya kukikataa. Dalili kumi za mapema hazishindi dalili moja ya baadaye. Kitabu cha 1952 hakiwezi kubeba kitu kilichoanza mwaka 1970, na ukikikuta kitu hicho, kazi imekwisha.

Vifaa ni vichache: lenzi ya kukuza mara 10, rula yenye milimita, simu yenye kamera nzuri, na ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Osha mikono na uikaushe vizuri. Glovu za pamba ziache, kwa sababu vidole hupoteza hisia na karatasi kavu hukatika ukingoni. Kitabu cha zamani usikilaze wazi kabisa mezani. Kiegemeze pande zote mbili, kifunguke nusu tu, maana gundi ya mgongo ikishapasuka hairudi.

Ukurasa wa hakimiliki

Uko nyuma ya ukurasa wa jina. Kuanzia miaka ya 1970 hivi, wachapishaji wengi wa Uingereza na Marekani huweka hapo mstari wa namba: 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1. Kila chapa mpya inapotoka, namba ndogo kuliko zote huondolewa. Kwa hiyo hutazami namba iliyoanza wala iliyoishia. Unatazama ndogo kuliko zote iliyobaki. Mstari wa 10 9 8 7 6 5 4 3 ni chapa ya tatu. Wengine huzipanga kwa kupokezana kushoto na kulia, 1 3 5 7 9 10 8 6 4 2, ili mstari usiegemee upande mmoja namba zinapopungua. Kanuni ni ileile. Utaratibu huu wa kufuta ulitokana na ufundi wenyewe: kukwangua namba moja kwenye bati la kuchapia ni kazi ndogo, kuongeza neno jipya kunadai bati jipya.

Kuna mkorofi mmoja. Random House ya Marekani, kwa miaka mingi hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliandika "First Edition" pamoja na mstari ulioishia kwenye 2. Chapa ya pili ilipotoka, maneno hayo yaliondolewa na 2 ikabaki. Mtu asiyejua hukitupa kitabu cha kwanza akidhani ni cha pili.

Mstari ukiwa na namba za ziada mwishoni, mara nyingi hizo ni za mwaka. Harry Potter and the Sorcerer's Stone ya Scholastic ina 1 3 5 7 9 10 8 6 4 2, kisha 8 9/9 0/0 01 02, yaani 1998, 1999, 2000 na kuendelea. Karibu nayo pameandikwa "First American edition, October 1998". Sentensi hiyo ilibaki palepale chapa baada ya chapa, kwa hiyo haina thamani ikisimama peke yake. Isome pamoja na namba: 1 isipokuwepo, weka chini.

Kitabu kimoja kwa karibu

Harry Potter and the Philosopher's Stone ya Bloomsbury, iliyotoka London tarehe 26 Juni 1997, ndiyo riwaya ya watoto inayoulizwa kuliko zote siku hizi. Chapa ya kwanza ya jalada gumu ilikuwa nakala 500 tu, na sehemu kubwa yake ilikwenda maktaba. Ichunguze kwa mpangilio huu.

Kwanza, umbo. Picha ya treni imechapwa moja kwa moja juu ya jalada gumu lenyewe. Hakikutoka na karatasi ya kuvisha juu. Ukiletewa nakala ya jalada gumu iliyovishwa karatasi ya namna hiyo, uliyo nayo ni chapa ya baadaye.

Pili, ukurasa wa hakimiliki: mstari kamili kutoka 10 hadi 1, na mwenye haki ametajwa kwa jina la Joanne Rowling, siyo J. K.

Tatu, ukurasa wa 53. Hapo kuna orodha ya vifaa anavyotakiwa kununua mwanafunzi. "1 wand" imeandikwa mara mbili, juu ya orodha na tena chini yake. Wahariri waliliona kosa hilo baadaye.

Nne, jalada la nyuma. Neno "Philosopher's" limekosewa, limeandikwa "Philospher's", herufi o imeruka. Lisome polepole, kwa sababu jicho hujaza lenyewe.

Alama zote nne zitimie pamoja. Makosa ya herufi yana tabia ya kusahaulika na kurudi chapa za mbele, na jina la Joanne lilidumu zaidi ya chapa moja, kwa hiyo anayekuonyesha ukurasa wa 53 peke yake hajakuonyesha kitu. Kumbuka pia kwamba jalada laini lilitoka siku hiyohiyo, likiwa na mstari uleule wa 10 hadi 1, kwa idadi inayozidi nakala 5,000. Hilo nalo ni chapa ya kwanza halali na lina wanunuzi wake, ila bei zake haziko ngazi moja na zile za jalada gumu.

Kwa kuwa nyingi zilikuwa za maktaba, tarajia mihuri, mfuko wa kadi na mabaki ya gundi. Usijaribu kuufuta muhuri. Raba huacha duara jeupe lenye manyoya, dawa ya kung'arisha hula karatasi, na mnunuzi anayejua ataona. Muhuri unapunguza bei. Muhuri uliofutwa unapunguza bei na kuleta shaka.

Kabla ya mistari ya namba

Kwa vitabu vya zamani kila mchapishaji alikuwa na mtindo wake. Hakuna njia ya mkato hapa isipokuwa kujua nyumba iliyochapisha.

Harper ya New York ilitumia herufi mbili: ya kwanza mwezi, ya pili mwaka. A ni Januari, B Februari, na kuendelea, ila J inarukwa, hivyo I ni Septemba na K ni Oktoba. Charlotte's Web ya chapa ya kwanza ina I-B: ilichapwa Septemba 1952, ikaingia madukani Oktoba. Herufi nyingine yoyote mahali hapo ni chapa nyingine. Bahati nzuri kitabu hiki kina mtego wa pili ulio rahisi zaidi. Mwaka 1952 nyumba hiyo iliitwa Harper & Brothers; ikawa Harper & Row mwaka 1962. Jina la pili likionekana popote, iwe kwenye ukurasa wa jina au mgongoni, huna haja ya kutafuta herufi.

Charlie and the Chocolate Factory ya Knopf, New York 1964, haina msimbo wowote. Siri yake iko mwisho kabisa wa kitabu, kwenye maelezo mafupi ya uchapaji. Hesabu mistari ya maelezo hayo: chapa ya kwanza ina sita, za baadaye zina mitano. Watu hupekua kurasa za mwanzo saa nzima bila kufika huko. Jalada lake ni kitambaa chekundu.

Matini yenyewe pia yanaweza kukupa tarehe. Katika Charlie ya 1964 wale wafanyakazi wa kiwandani walielezwa kuwa mbilikimo walioletwa kutoka msitu wa Afrika. Baada ya malalamiko, sehemu hizo ziliandikwa upya mwaka 1973. Nakala isiyotaja Afrika si ya 1964, hata kama kurasa za mwanzo zinasema vingine. The Hobbit ina jambo kama hilo: katika matini ya 1937, kiumbe Gollum akishindwa na mhusika mkuu, Bilbo, kwenye mafumbo anatakiwa kutoa zawadi, nayo ni pete. Katika toleo la 1951 anatakiwa kumwonyesha Bilbo njia ya kutokea. Soma sura ya tano tu, itakujibu.

Tukiwa kwenye The Hobbit: chapa ya kwanza ya George Allen & Unwin, Septemba 1937, ilikuwa nakala 1,500 na picha zake za ndani ni nyeusi na nyeupe tu. Chapa ya pili ilifuata Desemba mwaka uleule ikiwa na picha nne za rangi. Kwa hiyo picha za rangi, ambazo mtu angedhani zinaongeza thamani, hapa ndizo zinazokikataa kitabu.

Adventures of Huckleberry Finn ya Marekani, 1885, inafundisha tahadhari nyingine. Ukurasa wa 57, mstari wa 23, nakala za mapema zina "with the was" palipotakiwa "with the saw". Lakini karatasi zilizosahihishwa na zisizosahihishwa zilichanganyika wakati wa kujalidi, na nakala moja inaweza kuwa na kosa hili huku ikikosa jingine. Nakala ya namna hiyo si ya kughushi. Andika alama zote ulizokuta, moja moja, na usimwambie mnunuzi "ina alama zote" kama hazipo zote.

Nchi gani ilitangulia?

Usifuate uraia wa mwandishi. Huckleberry Finn ni ya Mmarekani, ila ilitoka London kwa Chatto & Windus Desemba 1884, miezi kabla ya New York. Charlie ni ya mwandishi wa Uingereza, lakini Uingereza yenyewe iliipata mwaka 1967, miaka mitatu baada ya Marekani. Kwa hiyo nakala ya London ya 1967 ni chapa ya kwanza ya Uingereza, na ndivyo inavyotakiwa kuandikwa kwenye tangazo, bila kuficha neno la mwisho.

Tafsiri zina mstari wao. Elisi katika Nchi ya Ajabu iliyotolewa na Sheldon Press, London, mwaka 1940 ni toleo la kwanza la Kiswahili la hadithi ya Alice, na wakusanyaji wa Alice duniani hutafuta tafsiri za lugha mbalimbali. Ukiikuta kwenye sanduku la vitabu vya marehemu babu, isiende kufungia karanga.

Jaketi

Tuite hivyo ile karatasi inayovishwa juu ya jalada gumu na kukunjwa ndani pande mbili. Kwa vitabu vya karne ya 20, jaketi mara nyingi hubeba sehemu kubwa ya bei kuliko kitabu chenyewe, na ndilo linalohamishwa kutoka kitabu hiki kwenda kile. Kwa hiyo lichunguze kama kitu cha pekee, kana kwamba limekuja katika bahasha tofauti.

Tazama bei kwenye kona ya mkunjo wa mbele. Charlotte's Web ya kwanza ina dola 2.50. The Hobbit iliuzwa shilingi 7 na peni 6 za Kiingereza, huandikwa 7/6. Uingereza iliacha shilingi Februari 1971, kwa hiyo bei ya pauni na peni mpya kwenye jaketi la riwaya ya miaka ya 1950 inalikataa jaketi hilo. Kona ikiwa imekatwa kwa mkasi, huenda aliyekitoa zawadi alificha bei tu. Huenda pia mtu aliondoa ushahidi. Huwezi kujua, na bei unayotoa ionyeshe kwamba huwezi kujua.

Kisha tafuta vitu visivyo vya wakati wake. Namba ya ISBN haikuwepo kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, na yenye tarakimu 13 ilianza Januari 2007. Msimbo wa posta wa tarakimu tano katika anwani ya Marekani ulianza 1963. Orodha ya vitabu vingine vya mwandishi isitaje kitabu kilichotoka baadaye. Medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, hutolewa mwaka unaofuata kitabu kutoka: A Wrinkle in Time ilitoka 1962 na kushinda 1963, hivyo jaketi lenye medali iliyochapwa juu yake si la nakala za mwanzo. Sifa za magazeti kuhusu kitabu hichohicho nazo ni dalili mbaya, ingawa si kila mara, kwa sababu wachapishaji walituma nakala za awali kwa wahakiki.

Jaketi la The Hobbit la 1937 lina alama yake: kwenye mkunjo wa nyuma jina Dodgson, jina halisi la mwandishi wa Alice, lilichapwa "Dodgeson", na mchapishaji akaikata e ya ziada kwa wino, nakala kwa nakala. Wino huo ni wa kalamu. Chini ya lenzi utaona mstari unaozama kwenye nyuzi za karatasi na kingo zisizonyooka.

Hapo ndipo lenzi inapofanya kazi yake kubwa. Majaketi ya kuiga yanauzwa wazi, mengine yameandikwa hivyo kwenye mkunjo, na mtu mwenye mkasi huweza kuliondoa neno hilo. Jaketi la The Hobbit lilichapwa kwa rangi bapa za buluu, kijani na nyeusi. Kwenye lenzi ya mara 10 rangi hujaa sawasawa kama rangi ya ukutani. Nakala iliyopigwa picha na kuchapwa upya huonyesha vitone vidogo vya rangi nyingi vilivyopangwa kama maua, au vumbi la wino lililotawanyika kama limepulizwa. Halafu zima taa ya chumba, uwashe ile ya kukagulia noti. Karatasi nyingi za baada ya 1950 zina kemikali za kuongeza weupe, ndugu wa zile za sabuni ya unga, nazo hung'aa buluu kali. Karatasi ya 1937 hubaki hafifu. Isipong'aa hujathibitisha kitu, kwa kuwa zipo karatasi mpya zisizo na kemikali hiyo. Iking'aa, umemaliza.

Mwisho pima kwa rula. Jaketi liwe na kimo sawa na jalada. Likizidi au kupungua milimita 3, uliza limetoka wapi. Mgongo wa jaketi ukiwa umepauka kwa jua kabisa huku kitambaa kilicho ukingoni kabisa, mahali jaketi lisipofika vizuri, kikiwa na rangi yake yote, viwili hivyo havikukaa pamoja miaka yote.

Vilabu vya vitabu na wachapaji wa marudio

Nakala hizi, zilizouzwa kwa wanachama wa vilabu au kuchapwa upya na nyumba nyingine, ndizo zinazodanganya watu wengi zaidi, kwa sababu zilitumia mabati yaleyale na kubakiza tarehe ileile. Nakala ya klabu ya Marekani kwa kawaida haina bei kwenye mkunjo wa jaketi, ni nyepesi mkononi, karatasi yake ni ya bei nafuu, na kwenye jalada gumu la nyuma, pembe ya chini karibu na mgongo, kuna alama ndogo iliyobonyezwa bila rangi: kitone, mraba au jani. Alama hiyo hufichwa na jaketi. Livue jaketi, uinamishe jalada kwenye mwanga wa pembeni, upitishe kidole. Majina kama Weekly Reader au Junior Literary Guild yakionekana, hayo yenyewe ni jibu. Grosset & Dunlap nayo ilijulikana kwa kuchapa upya vitabu vya nyumba nyingine; jina hilo mgongoni juu ya riwaya iliyotoka kwanza kwingine linatosha.

Kwa upande wa Uingereza, riwaya nyingi zinazopatikana kwenye vitabu vya mitumba Nairobi na Dar es Salaam ni Puffin, nembo ya vitabu vya watoto vya jalada laini. Soma mistari miwili, siyo mmoja: kwanza jina la mchapishaji wa awali na mwaka wake, kisha mwaka ilipoingia Puffin. The Lion, the Witch and the Wardrobe ilitoka kwa Geoffrey Bles mwaka 1950, Puffin ikaipata 1959. Puffin ya kwanza ni Puffin ya kwanza tu, ila usiidharau. Ikiwa safi huuzwa.

Unaponunua kwa picha

Omba picha nane: ukurasa wa jina, ukurasa wa hakimiliki, ukurasa wenye alama mahususi ya kitabu hicho, ukurasa wa mwisho, mikunjo yote miwili ya jaketi, jalada la nyuma bila jaketi, na maungio ya ndani jalada linaposhikana na kurasa. Kwenye maungio utaona kama karatasi zilizobandikwa ndani ya jalada ni mpya kuliko kitabu, au kama ukurasa umetolewa nakala nyingine na kubandikwa: tafuta ukurasa wenye rangi tofauti na jirani zake, au uliopungua upana milimita moja. Hesabu picha na ramani kwa kulinganisha na orodha iliyo mwanzoni, kwa sababu ramani ndiyo ya kwanza kuchanwa na mtoto.

Wauzaji wengi hukata picha ya ukurasa wa hakimiliki pale maandishi yanapokwisha kupendeza. Mstari wa namba hukaa chini kabisa. Mwombe aurudie, ukurasa mzima, kingo zote nne zionekane.